Kimya cha Mama Mdogo Theresia

Jamani, tangu Jumamosi silali vizuri, na wala si kwa huzuni. Ni ile hali ya kuwa na habari kifuani inarukaruka kama bisi ndani ya sufuria yenye mfuniko. Nimemsimulia hadi dada wa duka la dawa hapa Toongabbie, Sydney, ambaye hajui hata ushirika wetu ni kitu gani. Alitabasamu tu akanipa panadol. Sasa nawasimulia nyinyi, tena taratibu.

Naitwa Gift. Nasoma ualimu wa historia, na ninakaa kwa mama mdogo Theresia, mdogo wake mama. Kazi yake ni kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Shifti nzima kengele zinalia: huyu anataka kwenda choo, yule anamtaka mumewe aliyekwishakufa zamani. Mume wake mwenyewe, ba'mdogo, alifariki mwaka juzi. Kilichombakiza mama mdogo amesimama ni ushirika wa Waswahili kule St Marys. Kila Jumapili saa nane mchana, wenyeji wakishamaliza ibada yao na kutuachia ukumbi, tunaingia sisi, Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo, na mama mdogo anasimama mstari wa mbele wa kwaya, anaimba kama mtu anayefungua dirisha.

Na hao hao ndio waliotaka kumtenga.

Kwa asiyejua, kutengwa kwetu ni hivi: jina lako linasomwa mbele ya ibada, na kuanzia hapo huimbi, hushiriki meza ya Bwana, na ukifiwa watu wanakuja kwako kwa kunyata. Mpaka uungame urudishwe kundini. Mchungaji wetu, Mchungaji Ulimboka, Mmoraviani wa Tukuyu, alikuja na desturi hiyo kwenye sanduku moja na joho lake, na hapa Sydney hajawahi kuitumia. Mama mdogo ndiye angekuwa wa kwanza.

Kosa lake? Jumapili asubuhi, kabla ya ushirika, alikuwa anapanda treni kwenda mjini kukaa kimya na watu.

Basi. Kukaa kimya.

Aliyemwona ni Mama Apondi, Mkenya, nesi, akipita kwenda kazini. Akamtumia sauti ya WhatsApp dada Nella, Mrundi wetu wa maandazi. Nella akampelekea Gitau wa vyombo vya muziki, Gitau akampelekea Mzee Wekesa, mzee wa kanisa, na Mzee Wekesa akampigia mchungaji. Kufikia Jumatano, mama mdogo wangu, anayeogopa hata mjusi, alikuwa Freemason, anakaa duara na watu wa nguo nyeusi, mshumaa katikati.

"Freemason?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Wewe, mama mdogo? Hela ziko wapi basi? Mbona bado tunagombania blanketi la umeme?"

Yeye hakucheka. Alikuwa anakunja sare zake za kazi, polepole, kama anakunja nguo za mtoto mchanga.

"Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Gift, wakinitoa kwenye kwaya sijui Jumapili mchana nitakuwa nani."

Hapo kicheko kikanikauka.

Sasa oneni mambo yanavyokutana. Wiki hiyo hiyo nilikuwa na esei ya chuo, na esei yenyewe ilihusu Massachusetts ya karne ya kumi na saba. Naisoma kwenye treni, kichwa kwenye kioo, ni Agosti, miti ya wattle imechanua njano kando ya reli, na maneno yananiingia kama usingizi. Kuna watu walinyanyaswa Uingereza kwa namna walivyosali. Wakavuka bahari, wakajenga mji wao wapate kusali watakavyo. Halafu wakaja Quaker, jina lilelile la hao watu wa kimya wa mama mdogo, waliosema Mungu anaweza kuzungumza na mtu yeyote ndani yake, hata mwanamke, hata kijakazi. Wale waliokimbia unyanyasaji wakawachapa viboko hao wageni. Wengine wakawakata masikio. Wakawafukuza, na waliorudi wakawanyonga, watu wanne, pale Boston. Mmoja alikuwa mwanamke, Mary Dyer. Alifikishwa hadi chini ya kamba, akasamehewa, akapelekwa kwao. Mwaka uliofuata akarudi mwenyewe kwa miguu yake.

Nikiinua macho naona jukwaa la stesheni ya Parramatta, na kwenye jukwaa wanawake wa nguo za kijivu wamekaa wanasubiri treni, hawasemi neno. Nikipepesa, ni wafanyakazi tu na kahawa zao. Treni inaondoka, nao wanabaki wamekaa.

Mwalimu wetu wa chuo, mama mmoja wa mvi anayevaa raba za rangi ya machungwa, ana wimbo mmoja tu. Mahakama ya Boston iliandika tamko lake, anasema, ikijisifia huruma yake. Quaker nao wakaandika yao, wakachapisha London. Nani muongo? Sisi wote mikono juu: mahakama! Yeye anatingisha kichwa. Kila mmoja ana shauri lake, anasema, lakini ushahidi wa mwenye shauri hautupwi, unapimwa. Aliyesema hili alikuwepo? Kama hakuwepo, kalitoa wapi? Ukikuta vitabu vitano vinasema jambo moja, usishangilie bado. Angalia kama vyote havikunakili kitabu kimoja.

Na mimi pale darasani, badala ya kuandika, nilimwona Gitau amevaa kofia nyeusi ndefu anamnakili Nella.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilimwambia mama mdogo, leo tunakwenda wote. Aliniangalia, akaangalia viatu vyangu, akasema, "Kule hakuna kuchezea simu." Basi.

Ni nyumba ya kawaida, dirisha lake la chini linatazama njia ya watu. Ndani viti vimepangwa duara. Katikati kuna meza ndogo, juu yake maua kwenye chupa ya jemu, na Biblia na vitabu vingine kando yake. Watu kumi na kitu, wengi wazungu wazee, makoti yao magotini. Tukakaa. Nikasubiri waanze.

Hawakuanza. Yaani walikuwa wameshaanza.

Sijui niwaelezeje. Mwanzoni nilisikia tumbo langu, halafu saa ya ukutani, halafu basi likipita mbali, halafu vyote vikawa kama vimewekwa chini ya maji. Jua liliingia likakaa mapajani mwa watu kama paka. Nikaona, au niliota, kuta zinarudi nyuma, na duara letu linapanuka, na wale wanawake wa kijivu wa jukwaani wanaingia mmoja mmoja bila kusukuma mlango, wanakaa kwenye viti vilivyokuwa wazi, wanafunua masikio yao yaliyokatwa, na hakuna anayewauliza kitu. Ba'mdogo alikuwepo pia, na kandambili zake. Alikuwa anamenya chungwa.

Mzee mmoja akasimama, akasema mlimao wake umezaa baada ya miaka mingi na hajui amshukuru nani kama si Mungu. Akakaa. Kimya kikamfunika tena.

Nikamtazama mama mdogo. Alikuwa amefumba macho, machozi yanateremka, na midomo inacheza. Mkono wangu ulikwenda kumshika, nikaurudisha. Sikujua kwa nini, lakini nilijua.

Mchana ule kule St Marys mstari wa soprano ulisogea. Kati ya mama mdogo na mwenzake paliachwa nafasi ya mtu mzima, naye akaimba pembeni ya hiyo nafasi hadi mwisho.

Basi, Jumamosi ikafika.

Ukumbi, viti vya plastiki, chupa za chai, maandazi ya Nella yanatoa mvuke kama hakuna lililoharibika. Jua la saa tisa liliingia kwa ubavu na kila mtu alikuwa na ukingo wa dhahabu. Nilijibana mkono nisianze kuona theluji na kofia ndefu za Boston. Mchungaji Ulimboka aliomba, kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiyependa kazi yake, kwamba kwao mtu hatengwi kwa uvumi. Lazima wapatikane mashahidi wawili walioona kwa macho yao.

"Wako wanne," akasema Mzee Wekesa, akasimama. "Wacha niseme na sitaficha. Huyu mama ni kama dada yangu. Bwana yake ndiye alinipokea airport, akanipea koti yake. Lakini nilimuuliza mwenyewe, akaniambia ati hao watu ni Quaker. Sasa mnisikize. Mimi ni Quaker wa kuzaliwa! Kwetu Kenya, Kimilili, baba yangu alikuwa karani wa Friends, ndio Quaker hao. Babu yangu, Friends. Na sisi Friends tunaimba! Tuko na pastor, tuko na kwaya tatu, tuko na ngoma mpaka mabati inaruka. Mimi sijawahi ona Quaker amenyamaza. Mtu akikuonyesha mnyama akuambie hii ni jogoo, na haiwiki asubuhi, haiwiki jioni, hiyo ni nini?"

"Jogoo aliyeoa," akasema mtu wa besi kule nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko. Hata mchungaji alijikohoza.

"Mnacheka," akasema Mzee Wekesa. "Lakini watu wanaodanganya jina la kanisa langu, si lazima wako na kitu wanaficha?"

Na watu wakaacha kucheka, maana hoja ilikuwa nzito. Nani angebishana na Quaker kuhusu Quaker? Niliona vichwa vinaitikia. Niliona mchungaji anasugua paji la uso. Mama mdogo aliinamisha kichwa akatazama mikono yake.

Nikasimama.

"Mzee Wekesa, shikamoo."

"Hiyo shikamoo ya Watanzania," akasema, "huja ikifuatwa na kisu. Marahaba. Sema."

"Mzee, kule anakosali mama mdogo umewahi kufika?"

"Nifike kufanya nini?"

"Basi wewe ni shahidi mzuri sana wa Kimilili. Ya Kimilili nakuamini neno kwa neno, na ngoma zake. Lakini mama mdogo haendi Kimilili, mzee. Anapanda treni hapo Toongabbie." Watu wakaanza kuguna. Nikaongeza mwendo kabla pumzi haijaisha. "Hao Quaker tangu zamani walikuwa wanakaa kimya. Baadaye wengine kule Marekani wakaanza kuimba na kuajiri wachungaji, na wamisionari waliokuja kwenu walitoka upande huo. Hawa wa hapa wamebaki na kimya chao. Ni jina moja na ukoo mmoja, ila kila nyumba na namna yake."

"Hayo umetoa wapi?"

"Nimesoma. Halafu nikaenda kuangalia. Jumapili iliyopita nilikaa mle ndani saa nzima."

"Wewe ni mtoto wake," akasema Gitau. "Shahidi wa nyumbani hahesabiki."

"Sawa. Nipimeni tu, msinihesabu. Lakini Gitau kaka yangu, wewe umehesabiwa. Zile nguo nyeusi uliziona?"

Gitau akageuka. "Nella ndiye alisema."

"Moi?" Nella aliweka birika chini kwa kishindo. "Mimi nilisema makoti! Kulikuwa na baridi, watu wanavaa manteau. Nyeusi imetoka wapi?"

"Na mshumaa?"

"Mshumaa hata sijasikia!"

Gitau akajikuna shingo. "Mshumaa... hiyo nilijaza tu. Watu wakikaa duara wamefunga macho, si kunakuwanga na mshumaa?"

Ukumbi ulilipuka. Nikauliza mmoja baada ya mwingine, na mmoja baada ya mwingine akamnyooshea mwenzake kidole, mpaka vidole vyote vikaishia kwa Mama Apondi, ambaye alikuwa amekumbatia mkoba wake na hajasema neno tangu tuingie.

"Kwa hiyo mashahidi wanne ni mmoja," akasema mchungaji. Niliona mabega yake yanashuka kwa nafuu. "Na mmoja hatoshi. Ndugu zangu, basi nafunga..."

Jamani, nilikuwa naelea! Ningekuwa na kipaza sauti ningemtangazia yule mwalimu wa raba za machungwa. Nilimgeukia mama mdogo nimkumbatie, na kumbe mama mdogo amesimama.

"Mchungaji, shahidi wa pili nipo," akasema. "Ni mimi."

Nikamvuta kitenge. "Mama mdogo, kaa! Tumeshashinda!"

"Niache, Gift. Umesema vizuri, mwanangu. Ila umesema mpaka imekuwa kana kwamba sikwenda." Akamtazama mchungaji. "Nilikwenda. Kesho nitakwenda tena."

"Mmeskia!" akasema Mzee Wekesa, lakini kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeshtuliwa.

"Theresia," akasema mchungaji, karibu kwa kumsihi. "Niahidi tu kwamba utaacha. Neno moja, tunakunywa chai."

"Siwezi kuahidi, baba mchungaji. Nitakuwa nimekudanganya."

Darasani tuligombana wiki nzima: yule mwanamke wa Boston alirudi kwa nini, ilhali alishanusurika kamba? Kila mtu na nadharia yake. Pale ukumbini nadharia zote zilinitoka. Nilimwona tu amesimama, na sweta lake la kazi, na nywele zilizohitaji kusukwa.

"Nilipofiwa mlikuja wote," akasema. "Mliimba wiki nzima. Mliomba kwa sauti mpaka majirani wakatuma polisi, na polisi mkawapa pilau. Sitasahau. Bila nyinyi ningekufa. Ila katika wiki hiyo yote sikupata hata dakika moja ya kumwambia Mungu mwenyewe, kwa maneno yangu, kwamba nimemkasirikia. Kazini kengele. Nyumbani Gift." Watu wakacheka kidogo, na mimi nikacheka huku nalia. "Kule napata nafasi ya kumwambia. Halafu nikishamwambia, nakuja hapa kumwimbia. Bila kule, hapa ningekuwa nafungua mdomo tu."

Mchungaji Ulimboka alitazama sakafu, na nilijua anachofikiria, kwa sababu nilikuwa nakifikiria mimi. Walioona kwa macho sasa walikuwa wawili. Ule ushahidi wa uongo nilioubomoa, mama mdogo kaujenga upya kwa ukweli wake.

"Mama Apondi," akasema mchungaji. "Simama. Utuambie uliloliona, siyo ulilosikia. Halafu tutajua la kufanya."

Mama Apondi akasimama na mkoba wake.

"Niliona dirisha," akasema. "Nikaona Theresia. Nilitaka kugonga nimsalimie. Halafu nikaona analia." "Si kilio cha matanga, mnajua vile sisi tunalia. Ilikuwa tu inatoka. Mdomo ilikuwa inasonga, na hakuna mtu alikuwa anamwambia pole, hakuna mtu alikuwa anamshikashika. Walimwachilia. Mimi nilisimama hapo kwa barabara mpaka nikachelewa kazi. Ai, mchungaji, niliona wivu."

"Wivu?"

"Mimi pia nimezika." Alisema hivyo tu. Wengi hatukujua. "Nilituma ile sauti kwa Nella juu nilitaka mtu aniambie hiyo ni kitu gani. Freemason mimi sikusema."

"Kwa macho yako, basi, alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anaomba. Hata mtoto angejua."

Ukumbi ulinyamaza kabisa, chai, viti, kila kitu. Lile jua la ubavuni lilikuwa limefika ukuta wa pili. Nadhani kila mtu alisikia tumbo lake.

"Mashahidi wawili," akasema mchungaji taratibu, "wamekubaliana. Theresia alikuwa anaomba." Akatutazama mmoja mmoja. "Kuna anayejua mahali ambapo mtu alitengwa kwa sababu ya kuomba?"

"Boston, mchungaji," nikasema. Mdomo wangu huu!

"Hapa ni St Marys," akasema. "Jina halitasomwa. Twendeni kwenye maandazi."

Msidhani kila kitu kilinyooka. Gitau aliondoka bila kuaga. Mzee Wekesa alimfuata mama mdogo na kikombe chake, akamwambia hata kama si Freemason, yeye hiyo ya kunyamaza hajakubali, na siku moja atampeleka Kimilili asikie Quaker kamili. Mama mdogo akamwambia nauli ikiwa juu yake, hata kesho. Mama Apondi alikaa karibu naye, hawakuongea, walishirikiana andazi moja.

Mimi nilikuwa nakusanya vikombe nilipomwona Mchungaji Ulimboka anakuja upande wao, anajifanya anatafuta sukari. Bakuli la sukari lilikuwa mkononi mwake.

"Theresia," akasema chinichini. "Hao watu wako. Wanaanza saa ngapi?"

"Saa nne na nusu. Lakini, baba mchungaji, kule hutapewa nafasi ya kuhubiri."

Akageuka kuangalia kama kuna anayesikia. Nilijikunja nyuma ya chupa za chai.

"Ndiyo maana nauliza," akasema.